Ekzosi ya pikapu inapotoboka: namna ya kuitoa, na kwa nini haipaswi kusubiri

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

PIKAPU iliyotoboka ekzosi husikika kabla haijaonekana. Alfajiri, magari yanapoteremka kuelekea mialo ya Kibirizi na Katonga kupakia dagaa, mlio wake hutangulia na kupenya hadi vyumbani, na wakazi wa Mwanga na Ujiji wameuzoea kiasi cha kutogeuka kuutazama. Dereva naye huuzoea. Hufunga kipande cha bati kwa waya pale palipotoboka, akaahidi kwenda gereji mwisho wa mwezi, na mwezi ukaisha na mwingine ukaingia.

Mlio huo ni kero, lakini sio wenye madhara makubwa. Kinachotoka pamoja nao ndicho kinachoweza kuua, na anayekipata kwanza aghalabu si dereva bali yule aliyeketi nyuma, juu ya magunia, chini ya turubai.

Kwa sababu hiyo, kulitoa bomba la moshi likatengenezwe ni kazi ambayo mwenye gari anapaswa kuielewa, hata kama hataifanya kwa mikono yake mwenyewe. Si kazi ngumu. Inahitaji spana chache, mafuta ya kulainisha kutu na subira ya usiku mmoja. Hatari iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hii haimo katika bomba; imo katika gari lenyewe, lililo juu ya kifua cha fundi.

Kutu inayoanzia ndani

Bomba la moshi la pikapu kwa kawaida huwa na vipande vitatu au vinne. Cha kwanza hufungwa kwenye manifoldi, yaani chuma kilichobanwa ubavuni mwa injini ambacho hukusanya moshi kutoka katika silinda zote. Cha kati hubeba sailensa, lile pipa dogo la kupunguza sauti. Cha mwisho, ambacho ni mkia, hupanda juu ya ekseli ya nyuma kisha hushuka na kutokeza nyuma au ubavuni. Ndivyo zilivyo Toyota Hilux za dizeli za miaka ya 1990, na mpangilio wa Land Cruiser za pikapu hautofautiani sana na huo.

Watu wengi hudhani kwamba bomba huliwa na matope na maji ya mvua. Ni kweli kwa sehemu, lakini adui mkubwa hutoka ndani. Kila lita moja ya dizeli inapoungua huzaa takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka pamoja na moshi yakiwa mvuke. Bomba likiwa la moto sana, mvuke huo hutoka wote hewani. Likiwa bado baridi, mvuke hugeuka matone na kutuama ndani ya sailensa, ukichanganyika na salfa iliyomo katika mafuta na kuwa tindikali hafifu. Kiwango cha salfa kilipunguzwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2015, ziliposhusha kikomo cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, lakini maji ni yale yale.

Hapo ndipo safari za mji huu zinapoingia katika hesabu. Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni mwendo usiofika kilomita kumi, na kutoka sokoni hadi Kibirizi ni mfupi zaidi. Gari linalofanya kazi ya kwenda na kurudi katika masafa hayo, likizimwa kila baada ya dakika chache kwa ajili ya kupakia na kushusha, huenda siku nzima isifike sailensa yake ikapata joto la kukauka. Gari la namna hiyo laweza kuozesha bomba mapema kuliko lile linalokwenda Kasulu na Kibondo kila siku.

Kukaa bila kazi nako hakusaidii. Mwaka 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Pikapu inayotegemea dagaa, ikiegeshwa kwa kipindi cha namna hiyo huku maji yakiwa yametuama ndani ya sailensa, huweza kuamka na tundu ambalo halikuwapo.

Aidha, yapo magari yanayobeba chumvi kutoka Uvinza, ambako chumvi imekuwa ikichemshwa kutokana na maji ya chemchemi tangu enzi za kale. Chumvi inayomwagika katika bodi, ikayeyuka kwa mvua na kudondokea chini, huharakisha kutu katika kila nati iliyo njiani. Mwenye gari la chumvi asiyeliosha upande wa chini atakutana na matokeo yake siku atakaposhika spana.

Gesi isiyo na harufu

Moshi wa gari una mambo mengi, lakini lililo la kutisha zaidi ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia katika mapafu, hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo damu hubaki ikizunguka mwilini bila kubeba kile inachopaswa kubeba. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Katika mkoa wenye malaria kama huu, mtu aliyeshuka kutoka nyuma ya pikapu na dalili hizo ni rahisi kupewa dawa ya malaria na kurudishwa katika gari lile lile siku inayofuata.

Injini za dizeli hutoa gesi hiyo kwa kiwango kidogo kuliko za petroli. Hilo lisimpe mtu faraja kubwa. Dizeli iliyochoka, yenye nozeli mbovu na inayotoa moshi mweusi, hutoa nyingi zaidi, na mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Ushahidi ulio karibu kabisa na hali yetu unatoka mbali. Mwaka 1992, jarida la madaktari wa Marekani liitwalo JAMA lilichapisha taarifa ya watoto na vijana 20 waliotibiwa mjini Seattle kwa sumu ya kaboni monoksidi. Wote walikuwa wamepanda nyuma ya pikapu. Kumi na saba walikuwa ndani ya boksi gumu lililofungwa juu ya bodi, na watatu walikuwa chini ya turubai. Kumi na watano walipoteza fahamu, mmoja alifariki dunia na mwingine alibaki na madhara ya kudumu katika ubongo. Katika matukio yote, ama ekzosi ilikuwa na tundu lililojulikana tangu awali, ama mkia wake ulitokea nyuma ya gari badala ya ubavuni.

Sababu yake ni hii. Gari linapokwenda, hewa hukatwa mbele na kuacha utupu nyuma ya bodi. Utupu huo huvuta moshi kuurudisha kwenye gari. Turubai likifunikwa mbele na pembeni, likaachwa wazi nyuma, huwa kama mfuko unaokinga moshi. Tundu likiwa katikati, chini kabisa ya bodi, moshi hupenya katika nyufa za bati na kuingia moja kwa moja. Mvua inaponyesha, nazo mvua za Kigoma hazina mchezo kuanzia Oktoba hadi Aprili, kila aliye nyuma hulivuta turubai kichwani. Kupakia watu juu ya mizigo kuna hatari zake nyingine, ambazo makala haya hayakukusudia kuzieleza, lakini hii ndiyo isiyotajwa kabisa.

Usiku wa kuamkia kazi

Kazi ya kutoa bomba huanza jana yake. Nati za ekzosi huchomwa na joto na kupoa maelfu ya mara, na kutu yake si ile ya juu juu. Hushikamana na bolti kama vile ni chuma kimoja. Anayezivamia asubuhi kwa nguvu, akidhani msuli utatosha, huvunja bolti na kuikata mikono yake.

Jioni, bomba likiwa limepoa, kila nati isuguliwe kwa brashi ya waya hadi nyuzi za bolti zionekane, kisha imwagiwe mafuta ya kupenya kutu. Yale ya kopo yanapatikana madukani. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia dizeli au mafuta ya taa, ambayo hufanya kazi polepole zaidi. Irudiwe mara mbili au tatu kabla ya kulala. Wenye pikapu za dagaa wanao wakati unaojileta wenyewe: wavuvi hutumia taa kuwavuta dagaa, na mbalamwezi inapokuwa kamili taa hizo hushindwa na mwanga wa mwezi, hivyo mitumbwi mingi hupumzika kwa siku kadhaa. Siku hizo gari halina haraka.

Asubuhi yake bomba lazima liwe baridi. Karibu na manifoldi chuma hufikia mamia ya nyuzi joto, na saa nzima baada ya kuzimwa bado huweza kuunguza kiganja.

Gari lisimame juu ya nini

Pikapu ina faida moja ambayo gari dogo halina: iko juu. Kwa sehemu kubwa ya kazi, mtu mwembamba anaweza kuingia chini yake bila kuinyanyua hata kidogo, na pale inapowezekana hivyo ndivyo ifanyike. Kigoma imejengwa juu ya miteremko inayoshuka ziwani, na gereji nyingi za chini ya miembe hazina sakafu. Udongo ulionyeshewa usiku hauaminiki kwa jeki.

Ikilazimu kunyanyua, nao mkia unaopita juu ya ekseli mara nyingi hulazimisha, itafutwe sehemu tambarare na ngumu. Breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, na magurudumu yatakayobaki chini yawekewe kabari za mti au mawe mbele na nyuma. Jeki ikandamizwe kwenye chesisi, si kwenye ekseli, ili ekseli ining'inie na kuacha nafasi ya bomba kupita. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokatisha, stendi za chuma ziwekwe chini ya chesisi pande zote mbili na jeki ishushwe hadi uzito wote uziegemee hizo.

Jeki ni chombo cha kunyanyulia, si cha kushikilia. Ndani yake kuna mpira mdogo unaozuia mafuta, na ukipasuka hautoi taarifa. Tofali nalo, liwe la kuchoma au la saruji, halipindi kabla ya kuvunjika. Hubeba, hubeba, kisha husambaratika kwa mara moja. Pasipo na stendi, magogo mapana ya mti mgumu yaliyokatwa sawa ni bora mara nyingi kuliko tofali. Kabla ya kuingia chini, gari lisukumwe kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika, halijakaa.

Wapo wanaotumia shimo la gereji. Shimo ni zuri kwa mgongo wa fundi, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama humo, kwa hiyo si mahali pa kuwashia grenda wala gesi iwapo kuna dalili yoyote ya mafuta kuvuja. Wala injini isiwashwe mtu akiwa shimoni, hata kwa dakika moja ya kusikiliza tundu liko wapi.

Anza katikati

Mafundi chipukizi hupenda kuanzia mbele, kwenye manifoldi, kwa kuwa ndipo bomba linapoanzia. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni heri kuanzia kwenye kiungo cha katikati. Kipande cha mbele ni kinene na hukaa karibu na moto, hivyo hukauka haraka na huoza mwisho. Kama kizima, hakuna sababu ya kukigusa, na kutokigusa kunaepusha balaa litakaloelezwa hapa chini.

Kiungo cha katikati huwa na bolti mbili au tatu, ambazo katika Hilux nyingi hufunguliwa kwa spana namba 14. Itumike spana inayoizunguka nati pande zote, au soketi, na si ile yenye mdomo wazi ambayo huteleza na kuzila kona za nati. Kabla ya kulegeza, nati ikazwe kidogo sana kwanza, kiasi cha kusikia mlio mdogo wa kutu ikikatika. Kisha ilegezwe nusu mzunguko, irudishwe robo, iongezewe mafuta, ilegezwe tena. Spana ivutwe kuelekea kwa fundi, isisukumwe, kwa kuwa ikiteleza wakati wa kusukuma ngumi huishia kwenye chesisi.

Nati ikikataa kabisa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuipasha moto kwa gesi ya kuchomelea: nati hupanuka kabla ya bolti iliyo ndani yake, na katika tofauti hiyo ndogo kutu huachia. Ya pili ni kuikata kwa grenda, msumeno wa chuma au tindo. Kwa bolti za katikati, kukata ndiko kwenye akili zaidi. Bolti mpya ni bei ya chini kuliko saa mbili za kuhangaika. Lakini njia zote mbili hutoa moto au cheche, na mabomba ya mafuta, mipira ya breki na tangi havipo mbali. Vitafutwe kwanza viko wapi, vifunikwe kwa bati au gunia lililoloweshwa maji, na mtu wa pili asimame karibu na ndoo ya mchanga. Fundi avae miwani. Kutu inayodondoka kutoka juu huelekea machoni tu.

Kiungo kikishaachia, bomba hubaki likining'inia kwenye mipira yake. Kabla ya kuitoa mipira hiyo, sailensa ifungwe kwa kamba kwenye chesisi au iwekewe gogo chini, kwa sababu ni nzito kuliko inavyoonekana na huanguka ikiwa imeelekea uso wa aliyelala. Mipira ipakwe maji ya sabuni, kisha isukumwe itoke kwenye ndoano zake. Isipakwe grisi wala dizeli, ambavyo huulainisha mpira na kuufanya ukatike baada ya wiki chache.

Sasa hubaki kuuzungusha mkia ili upite juu ya ekseli. Ni kazi ya watu wawili: mmoja huelekeza nyuma, mwingine husukuma kutoka katikati, na kila mara bomba hugoma pale pale kwenye kona. Kama mkia wenyewe umekwisha oza na hautarudishwa, ukatwe vipande viwili na utolewe pande mbili. Hakuna ushujaa wowote katika kuhifadhi umbo la chuma kinachokwenda kuuzwa kwa kilo.

Iwapo lazima kufungua mbele

Kipande cha mbele nacho kikiwa kimetoboka, hapana budi kukifungua. Hufungwa kwenye manifoldi kwa nati, mara nyingi tatu, zinazokaa juu ya stadi, yaani bolti zisizo na kichwa zilizopandikizwa ndani ya chuma cha manifoldi. Stadi hizo ndizo balaa lenyewe. Ikikatika moja, kipande chake hubaki ndani ya chuma cha kusubu ambacho hakipendi kupigwa wala kupashwa moto upande mmoja.

Kwa hiyo hapa subira iwe mara tatu ya ile ya katikati. Nati zilegezwe kwa zamu, kila moja kidogo, huku mtu wa pili akilishikilia bomba lisiegemee upande mmoja. Nati inayotoka ikiwa imekuja pamoja na stadi yake si hasara. Stadi mpya hupandikizwa. Ikikatika huku ikiwa imebakiza shingo, mchomeleaji hodari anaweza kuchomelea nati mpya juu ya shingo hiyo, na joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kilichobaki. Ikikatika sawia na uso wa manifoldi, iliyobaki ni kazi ya drili: kutoboa katikati kabisa, kuongeza tundu taratibu na kuchonga njia mpya ya nyuzi. Asiyekuwa na drili nzuri asijaribu. Ni nafuu kuifungua manifoldi nzima na kuipeleka kwa mchonga vyuma.

Katika pikapu za petroli na zile za dizeli za miaka ya karibuni, kuna mambo mawili ya kuongeza. Kwanza, huenda bomba likawa na kihisio chenye waya. Waya huo uchomolewe kabla bomba halijashuka, la sivyo utakatika. Pili, huenda kukawa na kile ambacho mafundi hukiita masega, kifaa kilichotobolewa ndani mfano wa sega la nyuki kwa ajili ya kupunguza sumu katika moshi. Ndani yake mna madini ya thamani kama platini na paladi, na ndiyo sababu wanunuzi wa vyuma chakavu huyatafuta. Mwenye gari anayeambiwa kwamba masega yake yametupwa kwa sababu yalikuwa yameziba ana haki ya kuyaona.

Gasketi iliyo kati ya bomba na manifoldi hubanduliwa na kutupwa; haitumiki mara mbili. Katika magari ya zamani gasketi hizo huenda zikawa na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Iloweshwe maji kabla ya kukwanguliwa, na isipulizwe kwa upepo wa kompresa.

Mchomeleaji aitwe, au bomba lipelekwe

Gari likishabaki bila bomba, hushawishi kuliwasha na kuliendesha hadi kwa mchomeleaji, kwa hoja kwamba ni karibu. Lisiwashwe. Moshi wa moto hutoka ukielekea kwenye nyaya na mabomba ya mafuta, na gesi huingia ndani ya kabati kupitia matundu ya kanyagio. Isitoshe, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kuwa barabarani. Bomba lifungwe kwenye bodaboda au baiskeli likapelekwe, gari lisubiri. Na iwapo kuna jambo linalolazimu kuchomelea likiwa kwenye gari, waya za betri zichomolewe kwanza ili umeme wa mashine usiharibu altaneta.

Kwa mchomeleaji kuna uamuzi wa kufanya. Sailensa igongwe kwa mpini wa nyundo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya mfuko wa unga, na ndani husikika mabaki yakicheza. Tundu moja katika chuma kizima huzibika. Matundu matatu yaliyosambaa maana yake ni kwamba chuma chote kimekuwa chembamba, na kiraka kitachomelewa juu ya karatasi.

Desturi ya kuunga bomba la moshi kwa kipande cha bomba la maji ni ya kawaida, na ina makosa mawili. Bomba la maji limepakwa zinki. Zinki ikichomelewa hutoa mafusho meupe yanayomletea mchomeleaji homa, kutetemeka na maumivu ya mwili usiku wa siku hiyo, naye pia hudhani ni malaria. Kosa la pili ni upana. Bomba la maji linaloshikika kirahisi mara nyingi ni jembamba kuliko la gari, na moshi ukibanwa injini hupoteza nguvu na kula mafuta zaidi. Yule anayependekeza kuondoa sailensa moja kwa moja ili gari lipate nguvu naye asisikilizwe: kwa injini ya dizeli isiyo na tabo, kama zilivyo nyingi za Hilux hizo za zamani, kinachoongezeka ni kelele.

Kama mkia unatengenezwa upya, ni nafasi ya kuuelekeza utokee ubavuni, nyuma ya gurudumu la nyuma, badala ya kutokea nyuma ya bodi. Gharama ni ile ile.

Grisi ya Wajerumani

Kuhusu kurudishia, wakazi wa Kigoma wana mfano wao wenyewe. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiikimbia Kigoma, waliizamisha ziwani meli yao Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kuungwa upya hapa. Mafundi walioagizwa kuizamisha waliipaka injini yake grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, baada ya takriban miaka minane majini, injini ilikutwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Bolti ya ekzosi inataka ulinzi ule ule, isipokuwa grisi ya kawaida huungua kwa joto la bomba ndani ya siku moja na kuacha masizi. Inayofaa ni ile iliyochanganywa na unga wa shaba au grafiti. Nyuzi za kila bolti zipakwe kidogo, gasketi mpya iwekwe, bomba lining'inizwe lote kwenye mipira yake kabla ya nati yoyote kukazwa kabisa, kisha likazwe kuanzia mbele kwenda nyuma. Bomba lililolazimishwa kukaa likiwa limepinda hupasuka kwenye kiungo katika safari ya kwanza ya barabara mbaya.

Mwisho ni kupima. Gari likiwa nje, mahali pa wazi na likiwa limeteremshwa chini, injini iwashwe ikiwa baridi na mtu azibe mdomo wa mkia kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu. Tundu lililobaki litapiga mluzi. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye viungo yataonyesha mapovu palipo na upenyo. Baada ya siku mbili au tatu za kazi, gasketi ikiwa imekwisha kukaa mahali pake, nati za mbele zikaguliwe na kukazwa tena, bomba likiwa baridi.